Maisha ya Dakta Hindorf, Mleta Mkonge

Mwanachama wa Handeni au Korogwe apitaye kando ya mashamba ya mkonge huenda akadhani kwamba mmea huu ni mwenyeji wa nchi tangu kale. Sivyo. Uliletwa na Mjerumani, Dakta Richard Hindorf, aliyezaliwa mwaka 1863, bwana shamba wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki.

Asili yake ni Meksiko. Huko ndugu wengine wa mmea huu hutengenezwa pombe, na ziko koo zinazorithishana mashamba na ufundi huo, kama Wafaransa warithishanavyo mizabibu na mapipa ya mvinyo. Katika jimbo la Yucatán mkonge ulilimwa kwa ajili ya kamba, na wenye mashamba hawakutaka mche hata mmoja utoke nje.

Hindorf alikuwa akitafuta zao litakalostahimili ukame wa nyika ya Tanga. Mwaka 1892 alisoma habari za mkonge katika jarida la bustani ya Kew, Uingereza. Mlango wa Meksiko ukiwa umefungwa, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, kwa mkono wa mfanyabiashara wa Hamburg. Safari ilikuwa ndefu mno. Hamburg ilifika kama 200 iliyo hai. Ilipotua Tanga mwaka 1893 ilisalia 62. Mtu mwingine angaliitupa, na hakuna ambaye angalimlaumu. Yeye aliipandisha Kikogwe, karibu na Pangani, akangoja. Kufikia mwaka 1898 ile 62 ilikuwa imezaa mimea ipatayo 63,000.

Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaifuata. Hapa haki yataka tuseme jambo ambalo wasifu wa mabwana hawa huliruka. Hindorf alileta mche. Lakini waliokata majani yenye miiba, wakayafikisha kwenye korona na kuanika singa juani, ni manamba, wengi wao wakitoka nchi za mbali. Na ardhi iliyopandwa mkonge ilikuwa na wenyewe.

Dakta Hindorf alifariki mwaka 1954, mzee sana. Wakati huo mkonge ulikuwa mbele miongoni mwa mazao ya Tanganyika yaliyouzwa ng'ambo.