Mchungaji, Mwalimu au Fundi?

Kijana amalizapo Kidato cha Sita, nyumba nzima huingia katika shauri moja: akasome nini? Baba anataka udaktari, mama anaona ualimu una heshima, mjomba anasema uhasibu, na kijana mwenyewe anapenda mambo mawili matatu kwa pamoja. Siku ya mwisho ya kupeleka maombi inakaribia, naye hajui achague lipi. Wazazi wa Mkuyuni mnalijua jambo hili. Basi leo tumkumbuke mtu mmoja aliyefia upande huu wa ziwa letu, ambaye ujana wake ulijaa shauri hilo hilo.

Alexander Murdoch Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, nchi ya Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru la Scotland, mtu wa vitabu na mjuzi wa jiografia. Ndiye aliyemfundisha mwanawe nyumbani mpaka akafika umri wa miaka kumi na minne. Tumaini la baba lilikuwa kwamba mtoto huyu awe mchungaji kama yeye. Mtoto alikuwa msikivu na alisoma vizuri, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mashine. Alitembea maili nne mpaka stesheni ya Gartly ili aione injini ya gari moshi ikisimama kwa dakika chache tu, kisha akarudi maili nne nyingine. Alipenda pia kazi ya kupiga chapa.

Mwaka 1867 jamaa yake walihamia mji wa Edinburgh, naye akaingia chuo cha ualimu kwa miaka miwili. Alifaulu. Angeweza kuishia hapo, lakini mitambo haikumtoka moyoni. Akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh kusoma uhandisi. Hakuutupa ualimu: asubuhi alifundisha ili apate fedha ya kujilipia, na saa nyingine alikwenda kujifunza kazi kwa mikono katika karakana ya Leith. Mwaka 1873 alikwenda Ujerumani, akapata kazi Berlin ya kuchora michoro ya mashine.

Hapo ndipo shauri lilipokuwa gumu zaidi. Alikuwa na kazi nzuri aliyoipenda, lakini hamu ya kumtumikia Mungu haikumpa raha. Mwishoni mwa mwaka ule dada yake alimwandikia habari za hotuba iliyotolewa Edinburgh, ya kuwahimiza vijana waende Madagaska kuwa madaktari wamisionari. Wengine wangeacha kila kitu na kuanza masomo ya udaktari. Mackay alijipima. Aliona kwamba yeye si daktari, wala hakuwa na haja ya kuiga wito wa mwingine. Nchi inahitaji pia barabara, madaraja, mashine za chapa, na vijana waliofundishwa kazi. Akaamua kwenda akiwa mhandisi.

Hata hivyo mlango haukufunguka mara moja. Chama alichokiomba kilimjibu kwamba Madagaska haijawa tayari kwa kazi ya namna yake. Akaomba nafasi Mombasa kwa C.M.S., akakuta imekwisha kupata mtu. Mwezi wa Novemba 1875 barua ya Stanley ilitokea gazetini huko London, ikisema kwamba Kabaka Mutesa wa Buganda yu tayari kupokea walimu, na kwamba anayefaa ni yule awezaye kufundisha dini na kazi za mikono pia. Mackay aliomba, na Januari 1876 C.M.S. ikamkubali. Alikuwa na miaka 26.

Tazameni sasa masomo yale yaliyoonekana kama hayapatani. Mwaka 1877 alisimamia ukataji wa njia toka Saadani mpaka Mpwapwa, maili zipatazo 230. Mwezi wa Juni 1878 alifika Kageye, upande wa Magu. Wenzake wawili walikuwa wameuawa Ukerewe mwezi wa Desemba uliotangulia, na vyombo vya misheni vilikuwa vimetupwa ovyo, vimeshika kutu. Alikaa chini, akavitengeneza kimoja kimoja. Akaitengeneza na mashua yao, Daisy. Walipokuwa njiani dhoruba iliivunja, naye akaikata sehemu ya katikati na kutumia mbao zake kuziba palipobomoka. Novemba wakafika Buganda. Huko alichonga herufi za mti, akachapa karatasi za kusomea kwa Kiganda. Hapo fundi na mwalimu walikuwa mtu mmoja.

Lakini msidhani kwamba shauri lilikwisha. Watu wa jumba la mfalme walimpenda kwa ufundi wake kuliko kwa mafundisho yake. Mwaka 1882 alitumia majuma kadhaa kutengeneza jeneza kubwa la mamaye Mutesa, lenye tabaka za mbao na shaba. Kazi za namna hii zilimchosha, nazo zilimwibia saa za kufundisha na kutafsiri. Tena mafundisho yale yalikuwa na gharama. Tarehe 31 Januari 1885, chini ya Kabaka Mwanga, vijana watatu wa misheni waliuawa kwa moto: Kakumba, Lugalama na Serwanga. Mackay hakuweza kuwaokoa.

Mwaka 1887 aliondoka Buganda, akavuka mpaka Usambiro, kusini mwa ziwa. Aliendelea kupiga chapa, kutafsiri Injili ya Yohana, na kujenga chombo cha majini. Stanley alipopita hapo mwaka 1889 alimsihi waende pamoja pwani, lakini alikataa kuondoka kabla ya kupata wa kushika mahali pake. Homa ya malaria ilimwua tarehe 8 Februari 1890, akiwa na miaka 40. Hakupata kuwekewa mikono ya uchungaji. Watu walimwita Mzungu wa Kazi. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe.

Basi, kijana unayesitasita, usione haya kupenda mambo mengi. Mackay hakuyaua aliyoyapenda. Alichagua moja la kulisoma mpaka mwisho, na mengine akayabeba pamoja nalo. Nasi wazazi, kabla ya kumwandikia mtoto kozi tuitakayo, tumtazame kwanza: anapopewa nafasi ya kwenda apendako, miguu yake humpeleka wapi?