MWALIMU ALIYEIVIKA AISKRIMU KOTI

Mwaka huu tuliambiwa tuandike maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kututoka. Wenzangu wengi wamekimbilia marais na wapigania uhuru, na sina neno nao. Mimi nimemchagua mtu ambaye kwao Marekani anajulikana, na hapa kwetu wengi hamjamsikia, ila kazi ya mikono yake mmeila. Kama umewahi kununua aiskrimu iliyofunikwa chokoleti ngumu kwa nje, ile ambayo ukiiuma inalia kwach kisha baridi inakupanda hadi kwenye mizizi ya meno, basi umekula jasho la Christian Kent Nelson.

Tena bwana huyu alikuwa mwalimu wa shule ya upili. Kwa hivyo walimu wetu mkisoma haya msikate tamaa, mambo bado!

Nelson alizaliwa tarehe 12 Machi 1893 huko Gunstrup, nchini Denmark, kaskazini mwa Ulaya. Alikuwa bado mtoto mchanga wazazi wake walipofunga virago wakavuka bahari kwenda Marekani. Huko walihamahama katika majimbo ya wakulima, Illinois, Wisconsin, hata wakafika Iowa. Kijana alisoma mpaka Chuo Kikuu cha Nevada, kisha akapata kazi ya kufundisha katika mji mdogo wa Onawa, jimboni Iowa. Mambo ya mshahara wa mwalimu sitayaeleza hapa, mnayajua. Nelson aliamua kujiongezea riziki kwa kufungua duka la peremende na aiskrimu. Akawa mwalimu saa za masomo, na baada ya kengele akawa mwenye duka.

Sasa tegeni masikio. Siku moja mwaka wa 1920 mtoto mmoja aliingia dukani humo. Akaagiza kitu, mara akabadili nia, akataka kingine. Alikuwa akitazama aiskrimu, halafu anatazama chokoleti, halafu anarudi kwa aiskrimu. Nelson alipomwuliza shida ni nini, yule mtoto akaeleza kwamba alitaka vyote viwili lakini pesa aliyokuwa nayo ilitosha kimoja tu.

Hapa nasimama kidogo kwa sababu mtoto huyo namjua. Ni mimi saa nne ya asubuhi, nimeshika shilingi kumi, upande huu mandazi na upande ule barafu, na nyuma yangu foleni inanung'unika. Mimi hufokewa nichague upesi nitoke. Nelson hakumfokea mtoto wake. Alikwenda nyumbani na swali lile kichwani: kwani haiwezekani kuuza vyote viwili kwa pamoja, kwa bei ya kimoja?

Mtu asiyejaribu ataona ni jambo rahisi. Si unayeyusha chokoleti, unachovya aiskrimu, kwisha? Wapi! Likizo ya Aprili nilijaribu nyumbani kwa shangazi yangu ambaye ana friza. Chokoleti ya moto iliyeyusha aiskrimu, na nilipoiacha ipoe kidogo ikawa nzito kama uji wa jana, ikashika upande mmoja, na upande wa pili ikabanduka vipande vipande hadi kwenye sahani. Shangazi alitazama ile sahani, akanitazama mimi, akaondoka bila kusema neno.

Nelson naye alihangaika hivyo hivyo, usiku baada ya usiku. Aliyemfungua macho ni mchuuzi mmoja wa peremende, ambaye katika maongezi alimtajia kwamba watengenezaji wa chokoleti hutumia mafuta ya kakao ili ishike vizuri. Haya ni mafuta yanayotoka katika mbegu ile ile ya mkakao. Nelson akaanza kupima: mafuta kiasi gani, joto kiasi gani. Akagundua kwamba chokoleti yenye mafuta ya kutosha, ikiwa katika joto la nyuzi 27 hadi 32 hivi za Selsiasi, inakuwa nyepesi ya kutosha kuizunguka aiskrimu, na ikigusa ule ubaridi inaganda palepale kama ngozi. Wenzangu mnaolalamika kwamba Kemia haina faida maishani, hapo mnasemaje?

Bidhaa ile mpya aliiita I-Scream Bar. Huu ni mchezo wa maneno: ukilitamka haraka unasikia aiskrimu, lakini kwa Kiingereza maana yake ni kwamba mimi napiga mayowe. Alitengeneza vipande 500 akavipeleka kwenye mashindano ya wazima moto hapo Onawa. Watu walivila, wakavipenda. Hapo ndipo mwalimu wetu akajua kwamba ana kitu mkononi.

Lakini kuwa na kitu si kuwa na mtaji. Nelson alizunguka akitafuta kampuni ya kumsaidia, na huko Omaha, jimbo la Nebraska, akakutana na Russell Stover, mtu aliyekuwa katika biashara ya aiskrimu. Julai 1921 wakaandikiana mkataba wa kuwa washirika. Jina la zamani likaachwa, likaja jipya la Eskimo Pie. Jina hilo nitalirudia mwishoni, msilisahau.

Ujanja wao ulikuwa huu. Hawakujenga kiwanda kikubwa, maana pesa wangetoa wapi? Waliwauzia leseni wenye viwanda vya aiskrimu walioko tayari, kila mmoja atengeneze kwake na awalipe wao sehemu ndogo kwa kila kipande. Kama vile mwandishi wa vitabu anavyolipwa mrabaha. Walipoanzia mjini Des Moines, vipande 250,000 vya kwanza vilimalizika katika muda wa saa 24. Tarehe 24 Januari 1922 Nelson akapewa hataza, yaani hati ya serikali inayosema kwamba uvumbuzi huu ni wako na mtu mwingine haruhusiwi kuufanya bila idhini yako. Kabla mwaka huo haujaenda mbali, watengenezaji wapatao 2,700 walikuwa na leseni, na Wamarekani walikuwa wakila vipande milioni moja kwa siku. Milioni moja! Kakao ilitakiwa kwa wingi hata inasemekana wakulima wa Ecuador, nchi iliyoko mbali Amerika ya Kusini, walianza kuona bei ikipanda.

Mtu angedhani kwamba tangu hapo Nelson alilala kwenye godoro la noti. Lakini mtu akichovya aiskrimu kwenye chokoleti na mwenzake akaiona, siri iko wapi? Kila mji ukazuka na mwigaji wake. Wengine walibadilisha umbo, wengine walitia jina lingine, na wengine walikuwa na leseni lakini wakafanya ujeuri wasilipe. Wako pia waliokuja na hatua yao wenyewe, kama Harry Burt wa Youngstown, Ohio, aliyeitia aiskrimu ya chokoleti kijiti cha kushikia. Kampuni ikaingia mahakamani, ikatoka kesi hii ikaingia ile. Inaelezwa kwamba gharama za kuitetea hataza zilifika dola 4,000 kwa siku. Kwa hiyo aiskrimu iliuzwa sana na kampuni ikazama katika madeni. Waliokula vizuri ni walaji na mawakili.

Stover alichoka. Aliuza sehemu yake, akachukua mkewe Clara wakahamia Denver, na mwaka wa 1923 wakaanza kutengeneza peremende na chokoleti nyumbani kwao. Msimhurumie. Biashara ile ya nyumbani ilikua ikawa mojawapo ya kampuni kubwa za chokoleti Marekani, nayo ina jina lake mpaka leo.

Nelson alibaki na mzigo peke yake. Mwaka wa 1924 akaiuza kampuni kwa Richard Reynolds, mwenye kiwanda cha kutengeneza karatasi za kung'aa za kufungia bidhaa. Eskimo Pie ilifungwa kwa karatasi hizo, kwa hiyo unaona kwamba bwana Reynolds alikuwa na sababu ya kutotaka mteja wake afe! Nelson hakutoka mikono mitupu. Walikubaliana awe analipwa mrabaha wake kwa kila kinachouzwa, na pesa hizo zilimfanya kuwa mtu wa kujiweza.

Pigo kubwa likaja mwaka wa 1929. Mahakama ya rufani iliamua kwamba hataza ile haina nguvu. Kuivika aiskrimu chokoleti, kwa macho ya mahakimu, hakukuwa uvumbuzi wa kutosha kumpa mtu mmoja haki ya kuwazuia wengine wote. Tangu siku hiyo yeyote aliyetaka alikuwa huru kuivika aiskrimu koti.

Jambo hili tulilijadili kwenye Chama muhula uliopita na nusura tushikane mashati. Upande mmoja ulisema mahakama ilifanya haki. Kama mtu angepewa hataza ya kuchovya, basi kesho mwingine angedai hataza ya kupaka mkate siagi, na sisi maskini tungekula nini? Mimi nilikuwa upande wa pili na bado niko. Aliyekesha akipima mafuta ni nani? Kila kitu huonekana rahisi baada ya mtu mwingine kukifanya. Nilipoambiwa nitoe mfano nilitoa wangu mwenyewe. Likizo ya Agosti nilirudi kwa shangazi, nikajaribu tena, safari hii nikitia kwenye chokoleti mafuta ya nazi kidogo. Ikashika! Nilitengeneza vipande vidogo kumi na viwili na vyote vikanunuliwa hapo ploti siku ya Ijumaa. Kufikia Jumapili binti wa jirani alikuwa anauza vyake, na vyake vilikuwa na njugu juu. Wanachama walicheka mpaka mwalimu mlezi akagonga meza. Kura zilipopigwa upande wangu ulishindwa kwa kura tatu, na nadhani ni kwa sababu ya zile njugu.

Turudi kwa Nelson. Pamoja na pigo lile, kampuni haikufa. Jina lilikuwa limekwisha kuwaingia watu, na kitu kingine ni kwamba ilijua kupambana na joto. Enzi hizo maduka mengi hayakuwa na friza. Kampuni ilitumia barafu kavu, ambayo ni hewa ya kaboni dioksidi iliyogandishwa, isiyoacha maji inapoisha. Maduka yalipewa chombo mfano wa chupa kubwa ya chai, ndani mna barafu hiyo, na aiskrimu inakaa kaunta siku nzima bila kulia machozi.

Na yeye mwenyewe? Alistaafu akiwa bado kijana, mrabaha unaingia, kazi hana. Wengi wetu tungeomba maisha hayo. Nelson yalimchosha! Mwaka wa 1935 alirudi kufanya kazi katika kampuni ile ile aliyoiuza, chini ya watu wengine. Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Hakurudi kudai kiti cha mkubwa. Alirudi kwenye yale yale ya usiku wa Onawa, kupima na kujaribu, akabuni mashine na njia mpya za kuipa aiskrimu umbo na kuisafirisha. Aliendelea hivyo hadi mwaka wa 1961 alipostaafu kweli, umri wake miaka 68.

Alifariki tarehe 8 Machi 1992 huko California, zikiwa zimebaki siku nne atimize miaka 99. Mwaka huo huo kampuni ilitoka mikononi mwa kina Reynolds, hisa zake zikauzwa kwa umma. Baadaye ikanunuliwa na wengine, na wengine tena.

Sasa lile jina. Eskimo ni neno ambalo watu wa nje waliwaita wenyeji wa nchi za barafu, yaani Wainuit, Wayupik na wenzao wa Alaska, Kanada na Greenland. Wengi wao hawalipendi, wanaona ni la kuwadharau, na katika karatasi ya aiskrimu ilichorwa picha ya mtoto aliyevaa nguo zao za baridi. Hakuna aliyewauliza. Mwaka wa 2020 wenye kampuni walitangaza kwamba jina na picha vitaondolewa, na badala yake likachaguliwa jina la Edy's Pie, kwa heshima ya Joseph Edy, mtengenezaji peremende aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni iliyoimiliki wakati huo. Kwa hiyo aiskrimu ya mwalimu wa Onawa sasa ina jina la mtu mwingine. Makaratasi ya kampuni ya zamani yamehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani mjini Washington, na humo jina ni lile lile la mwaka wa 1921.