Frank Wilcoxon, mkemia wa dawa za wadudu ambaye hesabu yake inapima nafuu ya wagonjwa wa kiharusi

Mgonjwa wa kiharusi, ule ugonjwa ambao wengi mjini Goma na Bukavu wanauita AVC, anapofanya mazoezi ili atembee tena, waganga wanapaswa kujua kama mazoezi hayo yanamsaidia kweli. Katika tafiti nyingi duniani, jibu linatafutwa kwa hesabu iliyobuniwa na mtu ambaye hakuwa muganga. Anaitwa Frank Wilcoxon. Alikuwa mkemia.

Wilcoxon alizaliwa tarehe 2 mwezi wa kenda mwaka wa 1892 karibu na mji wa Cork, inchi ya Ayalandi. Wazazi wake walikuwa Wamarekani wenye mali, naye alikulia Catskill, katika jimbo la New York. Akiwa kijana alitoroka na kwenda kufanya kazi kwenye meli. Alikimbia meli hiyo, akajificha West Virginia, akaishi kwa kazi za mikono: kuhudumia visima vya mafuta na kutunza miti.

Mwishowe alirudi nyumbani na kukubali masomo. Alimaliza katika chuo cha kijeshi cha Pennsylvania mwaka wa 1917, akasoma kemia kule Rutgers, na mwaka wa 1924 alipata udaktari wa kemia katika Chuo Kikuu cha Cornell.

Mwaka wa 1925 aliingia taasisi ya Boyce Thompson, iliyochunguza magonjwa ya mimea. Huko alifanya utafiti juu ya dawa za kuua ukungu na juu ya pareto, ua linalotoa dawa ya wadudu na ambalo wakulima wa milima ya Kivu wanalifahamu. Katika taasisi hiyo, yeye na wenzake wachache walikaa pamoja kusoma kitabu cha takwimu cha Mwingereza Ronald Fisher. Tangu hapo takwimu hazikumtoka tena kichwani.

Mwaka wa 1943 alijiunga na kampuni ya American Cyanamid, akaendelea na dawa za wadudu. Kazi ilikuwa kulinganisha dawa moja na nyingine, majaribio mengi, na hesabu za wakati huo zilichukua muda mrefu. Zaidi ya hapo, namba moja ya ajabu iliweza kuharibu wastani wote. Wilcoxon alitafuta njia nyepesi.

Njia aliyoipata inafanana na mwalimu anayepanga wanafunzi darasani: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tuchukue mfano wa kubuni. Wagonjwa watatu waliofanya mazoezi mapya wanatembea meta 10 kwa sekunde 12, 14 na 15. Wengine watatu wa mazoezi ya kawaida wanatumia sekunde 16, 18 na 95. Wastani wa kundi la pili ni sekunde 43, lakini ni mgonjwa mmoja tu aliyeupandisha hivyo. Wilcoxon anaziacha sekunde na kushika nafasi. Kundi la kwanza lina nafasi 1, 2 na 3, jumla 6. Kundi la pili lina 4, 5 na 6, jumla 15. Yule wa sekunde 95 ni wa mwisho tu, basi. Kisha linakuja swali: kama mazoezi hayana tofauti yoyote, jumla ya 6 ingetokea kwa bahati mara ngapi? Kuna njia 20 za kugawa nafasi hizo, na moja tu inaleta 6.

Makala yake ilitoka mwaka wa 1945, kurasa nne tu. Mfano wake wa kwanza ulikuwa dawa mbili za kuua nzi. Ndani yake kulikuwa na hesabu mbili: moja ya kulinganisha makundi mawili, nyingine ya kulinganisha kitu kilekile kabla na baada. Mwaka wa 1947, Mann na Whitney waliendeleza ile ya kwanza, na ndiyo maana majina yao matatu mara nyingi yanatajwa pamoja.

Mwaka wa 1957, John Rankin wa Glasgow alitoa ngazi ya kupima hali ya mtu baada ya kiharusi. Ngazi hiyo ilirekebishwa baadaye, na leo inaanzia 0, mtu asiye na dalili, hadi 5, mtu asiyetoka kitandani. Namba 6 ni kifo. Hapo wastani unadanganya. Kutoka 5 hadi 4 si hatua sawa na kutoka 2 hadi 1, na mtu wa 4 hana ulemavu mara mbili ya mtu wa 2. Namba hizo ni nafasi, si kilo wala meta.

Watafiti wengi walizoea kukata ngazi katikati: 0 hadi 2 ni vizuri, zinazobaki ni vibaya. Kwa njia hiyo, mgonjwa aliyekuwa kitandani, sasa anatembea peke yake akiwa daraja la 3, anahesabiwa kama hakupata kitu. Hesabu za nafasi zinamwona.

Uzito wa kupima sawasawa ulionekana mwaka wa 2015, katika utafiti wa AVERT uliofanyika katika hospitali 56 za inchi 5, kwa wagonjwa 2104. Wengi walitumaini kwamba kumwinua mgonjwa mapema sana na mara nyingi kungemsaidia. Baada ya miezi mitatu, asilimia 46 ya walioinuliwa hivyo walifika daraja la 0 hadi 2. Kwa waliopata matunzo ya kawaida, ilikuwa asilimia 50. Bila kupima sawasawa, nia njema ingeendelea kuumiza watu.

Njia ya Wilcoxon nayo ina mpaka wake. Inaonyesha kundi gani linatangulia, lakini haisemi maisha ya mgonjwa yamebadilika kwa kiasi gani. Hiyo sherti aulizwe mgonjwa na jamaa yake.

Wilcoxon aliacha kazi ya kampuni mwaka wa 1957. Mwaka wa 1960 aliitwa kufundisha takwimu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, yeye aliyesomea kemia. Alipenda baiskeli na pikipiki hadi uzeeni. Alifariki tarehe 18 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1965, mjini Tallahassee, akiwa na miaka 73.