Nyuso elfu za Lon Chaney zilianzia katika nyumba ya viziwi

Wapenzi wa sinema tuna mazoea ya kuzitenga filamu mafungu mafungu, mithili ya mchuuzi apangaye nyanya zake sokoni. Fungu hili ni la filamu za familia, ambazo baba aweza kuzitazama pamoja na wanawe bila ya kuinamisha uso. Lile ni la filamu za kuchekesha, za kumwondolea mtu uchovu wa juma zima. Na lile la pembeni kabisa ni la filamu za kutisha, ambazo mzazi huwakataza watoto kisha yeye mwenyewe akazitazama usiku wa manane. Fungu hili la mwisho ndilo lidharauliwalo zaidi. Walimu wengi huliona kuwa ni upuuzi wa damu na mayowe, usio na la kumfunza mwanafunzi.

Mimi ni mpenzi wa sinema wa miaka mingi na rai hiyo siikubali. Hoja yangu naijenga juu ya maisha ya mtu mmoja, Lon Chaney, mwigizaji wa Kimarekani wa enzi ya filamu zisizo na sauti. Watu walimpa lakabu ya mtu wa nyuso elfu, kwa jinsi alivyoweza kujigeuza kiumbe mwingine katika kila filamu. Wanaomkumbuka leo humkumbuka kwa sura za kuogofya. Ni wachache wanaojua sura hizo zilichipuka wapi, na hapo ndipo penye funzo kwa sisi tunaofundisha lugha.

Leonidas Frank Chaney, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina fupi la Lon, alizaliwa tarehe 1 Aprili 1883 katika mji wa Colorado Springs, jimbo la Colorado. Baba yake, Frank, alikuwa kinyozi. Mama yake, Emma, alikuwa binti ya Jonathan Kennedy, mtu aliyeanzisha shule ya watoto viziwi mjini humo mwaka wa 1874. Kennedy hakuianzisha shule hiyo kwa huruma ya mtu wa mbali. Baadhi ya watoto wake mwenyewe, Emma akiwa miongoni mwao, walikuwa viziwi. Frank naye alikuwa kiziwi. Kwa hiyo Lon, ambaye masikio yake yalikuwa mazima, alilelewa katika nyumba ambamo maneno ya wazazi yalipita mikononi, machoni na usoni.

Zama hizo hazikuwa njema kwa lugha ya namna hiyo. Mnamo 1880, miaka mitatu kabla ya Lon kuzaliwa, walimu wa viziwi kutoka nchi kadhaa walikutana mjini Milan, Italia, wakaazimia kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa matamshi ya mdomo wala si kwa ishara. Waliopitisha azimio hilo walikuwa karibu wote watu wanaosikia. Baada ya hapo, katika shule nyingi za Ulaya na Marekani, watoto walikatazwa kutumia mikono yao darasani. Sisi tuliosoma katika shule ambako mwanafunzi alivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya kwao, tunaielewa vyema hila hiyo. Mtoto huambiwa kwamba alichokuja nacho kutoka nyumbani ni aibu, na kwamba elimu itaanza siku atakapokitupa.

Lon hakupata nafasi ya kukitupa. Alipofika darasa la nne hivi, mama yake aliugua vibaya maradhi ya viungo, akawa hawezi kuondoka kitandani. Ikambidi mtoto aache shule ili amuuguze. Mama huyo hakuweza kusikia habari za mjini, na sasa hakuweza hata kutoka kwenda kuzitazama. Mwanawe ndiye aliyekuwa dirisha lake. Alitoka, akawatazama watu, kisha akarudi kumwigizia yote aliyoyaona: mwendo wa huyu, hasira za yule, mbwembwe za mwingine. Hadhira yake ya kwanza ilikuwa mgonjwa mmoja, na kipimo cha kufaulu kilikuwa iwapo mgonjwa huyo ataelewa na kutabasamu.

Hapa sina budi kutoa tahadhari ya kitaaluma. Lugha ya ishara si maigizo. Ni lugha kamili, yenye msamiati wake na sarufi yake, na lugha ya ishara ya Marekani si ile ya Uingereza wala si ile ya Kenya. Jambo hili lilianza kukubalika miongoni mwa wanaisimu baada ya William Stokoe kuchapisha uchunguzi wake mwaka wa 1960. Chaney hakuwa akitoa ishara za viziwi mbele ya kamera. Alichokipata nyumbani ni kitu cha ndani zaidi. Katika lugha hiyo uso si pambo la usemi bali ni sehemu ya sarufi: kuinua nyusi tu kwaweza kugeuza kauli kuwa swali. Mtoto aliyekua akisoma nyuso kwa namna hiyo hujifunza kwamba kila msuli una maana, na kwamba msuli ukikaa vibaya maana nayo hupotea. Wenziwe walioingia katika sinema walilazimika kujifunza ukubwani jambo ambalo yeye alinyonya pamoja na maziwa ya mama.

Kabla ya sinema alipitia jukwaani. Alianza mnamo 1902, akawa akizunguka na vikundi vya michezo ya kuchekesha na nyimbo, akicheza, akiimba na kupanga jukwaa. Mwaka wa 1905 alimwoa Cleva Creighton, mwimbaji kijana, na mwaka uliofuata wakajaliwa mtoto wa kiume, Creighton. Ndoa hiyo ilikuwa na misukosuko. Mnamo Aprili 1913, katika jumba la maonyesho mjini Los Angeles alikokuwa akifanya kazi mumewe, Cleva alikunywa sumu. Alinusurika kufa, lakini sauti yake ya kuimbia iliharibika. Talaka ikafuata, na aibu ya tukio hilo ikamfungia Lon milango ya jukwaa. Mtu aliyewafahamisha wengine mambo kwa jicho na bega hakuweza kufahamiana na mkewe. Nalitaja hili kwa kuwa sipendi kumchora mtu kana kwamba alikuwa malaika.

Ndipo akageukia sinema, kazi ambayo waigizaji wa jukwaani walikuwa bado wakiidharau. Kwa takriban miaka mitano alikuwa akicheza nafasi ndogo ndogo katika studio ya Universal, akijipaka rangi na kubadilisha sura yake kwa mikono yake mwenyewe ili apewe kazi. Mwaka wa 1915 alimwoa Hazel Hastings, na hatimaye mwanawe akapata makao ya kudumu. Jina lake lilivuma mwaka wa 1919 kwa filamu ya The Miracle Man, ambamo alicheza mlaghai anayejifanya kiwete aliyepindapinda viungo, kisha akajinyoosha polepole mbele ya umati ili uonekane muujiza. Mwaka wa 1920, katika The Penalty, alikuwa jambazi aliyekatwa miguu. Alijifunga miguu kwa nyuma na kutembea kwa magoti ndani ya viatu vya ngozi, akiyavumilia maumivu ambayo hayakumruhusu kukaa hivyo kwa muda mrefu.

Mwaka wa 1923 ikaja The Hunchback of Notre Dame, iliyotokana na riwaya ya Mfaransa Victor Hugo. Chaney alikuwa Quasimodo, kibyongo mpiga kengele wa kanisa kuu la Paris. Wengi huzungumzia kibyongo hicho na jicho lililovimba, wakasahau jambo ambalo Hugo aliliandika waziwazi: Quasimodo alikuwa kiziwi, masikio yake yakiwa yameuawa na zile kengele alizozipenda. Basi mtoto wa viziwi akapewa kumwigiza kiziwi ambaye mji mzima unamwona kuwa mnyama. Angeweza kumfanya kioja. Badala yake alimfanya mtu mwenye kiu ya kueleweka. Mtazamaji huingia akiogopa sura, akatoka akiogopa umati uliomcheka mwenye sura hiyo. Hiyo ndiyo kazi ya filamu nzuri ya kutisha. Hutuonyesha zimwi, kisha hutuuliza ni nani aliyelifanya kuwa zimwi.

Mwaka mmoja baadaye alicheza filamu ambayo ningependa kila mhadhiri na kila mwanafunzi wa chuo kikuu aitazame. Katika He Who Gets Slapped, Chaney ni mwanasayansi aliyeibiwa uvumbuzi wake na bwana mmoja tajiri aliyemwamini, na mkewe akachukuliwa na bwana huyo huyo. Anaposimama mbele ya jopo la wasomi kudai haki yake, anapigwa kofi, na wasomi wanaangua kicheko. Kicheko hicho kinamvunja moyo. Anaikimbia taaluma, anakwenda kuwa mchekeshaji wa sarakasi ambaye kazi yake kila usiku ni kupigwa makofi huku watu wakicheka. Hapo lile fungu la filamu za kuchekesha na lile la filamu za kutisha hukutana. Kinachowachekesha walioketi ndicho kinachomuua aliyesimama. Yeyote aliyewahi kushuhudia darasa zima likimcheka mwanafunzi mwenye kigugumizi anajua kwamba umbali kati ya kichekesho na kitisho ni mdogo mno.

Filamu ya The Phantom of the Opera ya 1925 ndiyo iliyomweka katika kumbukumbu za dunia. Humo yeye ni mwanamuziki mwenye uso kama fuvu, anayeishi chini ya jumba la opera mjini Paris na kuuficha uso wake kwa kinyago. Msichana anayempenda anamnyemelea kwa nyuma na kukivua kinyago hicho. Uso huo Chaney aliubuni mwenyewe, na ufundi wake katika fani hiyo uliheshimiwa kiasi kwamba aliandika makala kuhusu usanii wa kujipodoa katika kamusi elezo ya Encyclopaedia Britannica ya 1929. Hata hivyo, rangi na waya peke yake haviogofyi. Kinachotushtua ni kwamba uso ule umeshikwa na fedheha ya mtu aliyefichuliwa. Mnamo 1927, katika The Unknown, alizidi kwenda mbali: mtu anayejifanya hana mikono anaamua kuikata kwelikweli kwa ajili ya mwanamke anayechukia kuguswa na mikono ya wanaume, kisha anarudi na kukuta mwanamke huyo amekwisha pona chuki hiyo na kumpenda mwingine. Uso wa Chaney katika dakika hiyo unaanza kwa tabasamu, unaingia katika kicheko, unaishia katika kilio, na hakuna neno hata moja linalohitajika.

Wakati huo filamu zenye sauti zilikuwa zimeanza kuenea. Waigizaji wengi walipotea kwa kuwa sauti zao hazikulingana na nyuso zao. Chaney alisitasita, kisha mwaka wa 1930 akakubali kuirudia filamu yake ya zamani, The Unholy Three, mara hii kwa sauti. Alitumia sauti tano tofauti, ya kikongwe na ya kasuku zikiwa miongoni mwake, na akatia sahihi hati ya kiapo kwamba zote zilikuwa zake. Ilionekana kwamba mtu wa nyuso elfu angekuwa pia mtu wa sauti elfu.

Haikuwa hivyo. Saratani ilikuwa imekwisha kumshika. Katika siku zake za mwisho koo lilimfunga na sauti ikamtoka kabisa, akarejea katika lugha ya utotoni, akazungumza na waliokuwa kando ya kitanda chake kwa mikono. Alifariki tarehe 26 Agosti 1930, akiwa na umri wa miaka 47. Mwanawe Creighton, ambaye aliingia katika sinema baada ya kifo cha baba yake, alikuja kulitumia jina hilo hilo la Lon Chaney na kujulikana kwa filamu ya The Wolf Man ya 1941.

Nimemaliza kusimulia, lakini hoja yangu haijakamilika. Kuna hatari katika kisa kama hiki. Tunaweza kusema kwamba lugha ya ishara ina thamani kwa kuwa ilimzaa mtu mashuhuri anayesikia. La hasha. Ingekuwa na thamani ile ile hata kama Lon angekuwa kinyozi kama baba yake, kwa maana ndiyo iliyomwezesha Emma, akiwa kitandani, kuujua ulimwengu na kujulikana na mwanawe.

Katiba yetu ya 2010 inaitaka serikali kuendeleza lugha ya ishara ya Kenya, na kifungu cha 120 kinaiweka pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Hilo ni jema. Lakini katiba haiketi darasani. Anayeketi humo ni mtoto ambaye wazazi wake ni viziwi, na ambaye huona haya wanapokuja siku ya wazazi kwa sababu wenziwe watawaigiza na kucheka. Mwalimu anayekiacha kicheko hicho kipite ameketi miongoni mwa wale wasomi wa He Who Gets Slapped. Anayekizuia, akamwomba mzazi huyo alisalimu darasa zima kwa lugha yake na darasa limjibu, amefundisha somo la lugha ambalo halitasahaulika.