Kocha Aliyelea Badala ya Kununua

Wiki hii tuangalie maisha ya Branch Rickey, mtu wa besiboli, ule mchezo wa Marekani wa kupiga mpira kwa gongo. Alizaliwa mwaka wa 1881 huko Ohio, katika nyumba ya Wamethodisti waliomcha Mungu. Alimwahidi mama yake kwamba hatacheza Jumapili. Mwaka wa 1904 akapata nafasi katika timu ya kulipwa ya Cincinnati. Meneja aliposikia hachezi Jumapili, akamwachilia aende.

Alikuwa pia kocha wa chuo cha Ohio Wesleyan, na katika timu yake kulikuwa na kijana mweusi, Charles Thomas. Safari moja walifika South Bend, hoteli ikakataa kumpa Thomas chumba. Rickey akabishana nao mpaka wakakubali kitanda kidogo kiwekwe chumbani mwake mwenyewe. Usiku ule akamwona Thomas akilia na kujisugua mikono, kana kwamba rangi ingetoka. Hakuwahi kusahau.

Mwaka wa 1909 akaugua kifua kikuu. Alipopata nafuu akaenda Chuo Kikuu cha Michigan kusomea sheria, na kuanzia 1910 hadi 1913 akafundisha timu ya besiboli hapo. Ndipo alipompokea mwanafunzi George Sisler, ambaye baadaye alikuwa kati ya wapigaji bora kabisa wa wakati wake.

Kisha akapewa kuongoza St. Louis Cardinals, timu isiyo na pesa. Kushindana na matajiri kununua nyota hangeweza. Kwa hivyo akanunua hisa katika timu ndogo za miji midogo, akakusanya vijana wasiojulikana, akawapandisha ngazi kwa ngazi. Mwaka wa 1926 Cardinals wakawa mabingwa, wakarudia 1931 na 1934. Mwishowe timu zilizowalelea wachezaji zilizidi 30.

Mwaka wa 1945, akiwa Brooklyn Dodgers, alimsajili Jackie Robinson wakati ligi kuu ilikuwa imewafungia watu weusi mlango kwa zaidi ya miaka 50. Hakumrusha tu uwanjani. Alimwandaa kuvumilia matusi bila kurudisha, akampeleka kwanza timu ya Montreal, iliyokuwa chini ya Dodgers. Tarehe 15 Aprili 1947 Robinson akaingia uwanjani Brooklyn. Kile kitanda cha South Bend kilikuwa kimezaa matunda.

Sisemi Rickey alikuwa malaika. Alijulikana kwa ubahili. Kansas City Monarchs, timu ya weusi aliyomtoa Robinson, hakuilipa kitu. Na Jumapili yeye hakwenda uwanjani, lakini timu yake ilicheza na viingilio vikakusanywa. Mungu humtumia mtu ambaye bado ana deni.

Sasa turudi kwetu. Tukikosa mpiga kinanda, wa kwanza kufikiriwa ni yule wa kanisa jirani, tena tunamwongezea nauli kidogo ili asirudi kwao. Mimi mwenyewe nimewahi kuunga mkono jambo hilo kwenye mkutano, na hesabu ilionekana nzuri. Lakini siku ile nyuma ya kanisa kulikuwa na mtoto wa shule ya Jumapili anayegusa kinanda kila ibada ikiisha, nasi tunamfukuza asiharibu. Paulo alimwagiza Timotheo awakabidhi watu waaminifu mafundisho aliyopokea, nao wawafundishe wengine. Soma 2 Timotheo 2:2.

Mnamo Novemba 1965 Rickey alianguka akihutubia watu huko Missouri kuhusu ujasiri, akafariki mwezi uliofuata. Wewe unamlea nani? Jumapili hii, ibada ikiisha, acheni kinanda wazi kwa dakika 10, na mtu mzima mmoja akae karibu na yule mtoto.