Wanjiru: Kijana wa Nyahururu aliyefunguliwa mlango Japani

SAMUEL Kamau Wanjiru aliishi miaka 24 tu, lakini maisha yake yanaonyesha faida ya nchi kuwapokea wanamichezo wa kigeni. Ni habari inayowagusa hata vijana wa Maretadu, katika wilaya ya Mbulu alikotoka John Stephen Akhwari, kwani mkimbiaji wa Afrika Mashariki hupata riziki yake zaidi ughaibuni.

Wanjiru alizaliwa Nyahururu, Kenya, Novemba 10, 1986, akalelewa na mama yake katika umaskini. Mwaka 2002, akiwa na miaka 15, alikwenda Japani kusoma Shule ya Sekondari ya Sendai Ikuei. Huko shule hushindana katika ekiden, mbio za barabarani za kupokezana, na kanuni ziliruhusu mgeni mmoja tu kukimbia katika kila timu. Nafasi hiyo moja ilimtosha. Shule yake ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 2003 na 2004.

Alipohitimu mwaka 2005, aliajiriwa na timu ya kampuni ya Toyota Kyushu, chini ya kocha Koichi Morishita, mshindi wa medali ya fedha ya marathoni ya Olimpiki ya 1992. Akiwa na mshahara na mwalimu, alivunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni mara tatu, ya mwisho ikiwa dakika 58:33 mjini The Hague, Machi 2007. Desemba mwaka huo alishinda marathoni yake ya kwanza, Fukuoka.

Agosti 24, 2008, katika joto la Beijing, aliipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki kwa saa 2:06:32.

Mwaka huo huo Japani ilianza kukaza kanuni. Wanafunzi wa kigeni walizuiwa kukimbia kipande cha kwanza cha ekiden ya taifa ya wavulana, kwa hoja kwamba walikuwa wakiamua mshindi mapema mno. Mwaka 2009 mbio za makampuni za Mwaka Mpya nazo ziliwabakizia wageni kipande kimoja.

Wanjiru alifariki dunia Mei 15, 2011, baada ya kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu. Hofu ya wenyeji kwa vijana wao ilikuwa na msingi. Hata hivyo, kama nafasi ile moja isingekuwapo mwaka 2002, huenda dhahabu ya Beijing isingefika Kenya.