Nyerere: Mwalimu aliyewaandaa maskini kudai haki katika mikataba ya tabianchi

KILA mwaka wajumbe wa nchi zetu hufunga safari kwenda kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mabadiliko ya tabianchi, na kila mwaka hurudi na swali lilelile: nani aliyechafua anga, na nani alipe? Mmoja wa waliotumia miaka yao ya mwisho kuziandaa nchi maskini kulijibu kwa sauti moja ni hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa Butiama, mashariki mwa Ziwa Victoria, Aprili 13, 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Tabora, kisha Makerere nchini Uganda, na mwaka 1952 akahitimu shahada ya M.A. Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alirudi kufundisha Pugu, lakini mwaka 1955 aliacha ualimu ili akiongoze chama cha TANU. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961.

Urais ulimfundisha kwamba bendera pekee haitoshi. Bei ya mkonge wa Tanga ilipangwa mbali na Tanga, na ilishuka huku bei ya matrekta ikipanda. Alipenda kuutumia mfano huo: nchi yake ililazimika kuuza mkonge mwingi zaidi ili kununua trekta lilelile. Februari 1979, mawaziri wa Kundi la 77 walipokutana Arusha, aliwaeleza kuwa nchi maskini zinahitaji umoja kama wa chama cha wafanyakazi, kwa sababu mbele ya tajiri kila moja peke yake haina nguvu.

Hata hivyo, Mwalimu naye alikuwa na makosa yake. Katika miaka ya 1970 mamilioni ya Watanzania walihamishiwa vijijini, wengine kwa nguvu. Aliyetaka wakubwa wa dunia wawasikilize wadogo hakuwasikiliza siku zote wakulima wake mwenyewe.

Baada ya kung'atuka mwaka 1985 hakupumzika. Mwaka 1987 alianza kuongoza Tume ya Kusini yenye ofisi Geneva, katibu mkuu wake akiwa Manmohan Singh, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa India. Ripoti ya tume ilitoka mwaka 1990, na kazi yake ikarithiwa na Kituo cha Kusini, ambacho pia Mwalimu alikiongoza.

Mwaka 1991 kituo hicho kilitoa waraka wa mkakati wa pamoja kwa ajili ya mkutano wa mazingira wa Rio de Janeiro. Hoja yake ilikuwa kwamba mazingira hayatenganishwi na maendeleo. Nchi tajiri zilikuwa zimekwisha kutumia sehemu kubwa ya nafasi iliyopo angani, hivyo maskini waachiwe nafasi ya kukua, wapewe fedha na teknolojia, na biashara ya dunia irekebishwe. Mkonge na trekta walikuwa wamerudi kwa sura nyingine.

Mkataba uliosainiwa Rio mwaka 1992, kazi ya mikono mingi, ulikubali kwamba wajibu ni wa wote lakini haulingani, na kwamba nchi zilizoendelea zitangulie. Mwaka 1997 huko Kyoto, Tanzania ikiwa mwenyekiti wa Kundi la 77, Profesa Mark Mwandosya aliliongoza kundi hilo katika majadiliano. Nchi tajiri zilipangiwa viwango vya kupunguza gesi chafu, maskini hawakupangiwa. Marekani haikuiridhia itifaki hiyo.

Mwalimu alifariki dunia London Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama. Karibu wiki saba baadaye, Novemba 30, ulisainiwa Arusha mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile iliyovunjika mwaka 1977 akiwa mmoja wa wakuu wake.

Madai yake bado hayajalipwa. Mwaka 2024 huko Baku, nchi zinazoendelea zilitaka dola trilioni 1.3 kwa mwaka; nchi tajiri ziliahidi kuongoza upatikanaji wa dola bilioni 300 ifikapo mwaka 2035.

Lakini umoja nao una mtihani, na mtihani huo umo ndani ya jumuiya yetu. Somalia, mwanachama tangu mwaka 2024, ilikuwa imetoka katika ukame wa misimu mitano mfululizo. Uganda inataka kuuza mafuta yake, na bomba la mafuta hayo kutoka Hoima linaishia Tanga, palepale penye mkonge wa Mwalimu. Kabla ya wajumbe wetu kuwadai matajiri, watalazimika kwanza kukubaliana wao kwa wao: ni nafasi gani ya angani tunayoidai, na tunaidai kwa ajili ya nani.